Kifuniko Shingoni mwa Yifei

Sweta la sufu likikaushwa juu ya rediyeta ya kupashia nyumba joto lina harufu yake. Mnaoishi nchi za baridi mnaijua: mbwa aliyenyeshewa, na sabuni kidogo. Juzi nilianika la mwanangu nikaenda zangu jikoni kuosha vyombo, harufu ikanifuata huko huko. Nikasimama na sahani mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Nilikuwa nimerudi kwenye kona ya maktaba ya shule yetu kule Stechford, nina miaka kumi na mitatu, sweta limeniloa mabegani, na Yifei yuko karibu nami anachonga penseli. Nitawasimulia, lakini msinitazame usoni.

Nilikuwa nimefika Birmingham miaka miwili kabla, kutoka Bungoma. Mama alitangulia kuja kufanya kazi katika nyumba ya wazee huko Perry Barr, mimi nikafuata na sanduku moja pamoja na Kiingereza changu, ambacho nilikiamini kuliko hilo sanduku. Kule kwetu nilikuwa wa kwanza katika insha. Hapa, siku ya kwanza nilipofungua mdomo, darasa zima liliangua kicheko, na hadi leo sijui ni neno gani lililowachekesha. Mwaka mzima nikawa mtoto wa kuambiwa aseme tena. Mama naye akapitisha sheria nyumbani: Kibukusu na Kiswahili marufuku mpaka alama zangu zipande.

“Hapa si soko la Chwele,” alisema. “Kizungu, Nekesa. Kizungu tu.”

Lakini yeye mwenyewe akijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, Kizungu chote kilitoroka, na nyumba ikajaa Kibukusu mpaka majirani wakazima redio wasikilize.

Yifei alikuja katikati ya muhula. Mama yake alikuwa akisoma chuo kikuu hapa mjini, baba yake amebaki China. Alikuwa msichana mwembamba, nywele zimekatwa usawa wa masikio, na kila alipoulizwa swali alisimama wima kwanza ndipo ajibu, jambo ambalo hakuna mtoto wa shule ile aliyewahi kulifanya. Alijua maneno mengi ya Kiingereza kuliko tulivyodhani, ila hayakumjia kwa haraka. Walimweka katika darasa dogo la wageni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Hollis, akaniita.

“Nyote wawili mmetoka mbali,” aliniambia. “Mtaelewana.”

Kazi yangu ilikuwa kukaa naye kila siku saa ya chakula, asome na kuandika nami nikimsaidia. Baada ya wiki sita kungekuwa na alasiri ya wazazi, na kila mgeni angesoma mbele ya watu ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe. Yifei akiusoma wake mpaka mwisho, angetolewa darasa dogo na kuketi na sisi wengine. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Mimi ningepewa beji ya msaidizi, na haki ya Mungu, niliitaka beji ile kama maji ya kunywa.

Yifei alikuwa na namna yake ya kusoma. Alisimama akalielekea dirisha, kitabu mbele ya uso, akasoma kwa sauti ya juu ukurasa ule ule mara tano, mara sita. Alinieleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba shuleni kwao kila asubuhi darasa zima husoma hivyo, kila mtoto na ukurasa wake, wote kwa pamoja. Na juu ya kila neno gumu aliandika kwa penseli alama ndogo ndogo za Kichina, safi, zimepangwa kama mishono. Jicho lake lilipanda kwenye alama, likashuka kwenye neno, likaendelea mbele. Polepole, lakini alifika.

Mimi nilimcheka. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na nyani mwenyewe ndiye huyu anayewaandikia. Mimi niliyechekwa kwa lafudhi yangu nikaanza kumwiga Yifei lafudhi yake chooni mbele ya wasichana wengine, nao wakanicheka vizuri kwa mara ya kwanza, kicheko cha kunikaribisha. Katika shule nzima nilikuwa nimempata mtu mmoja aliye chini yangu. Nimelitafutia jambo hili maneno mazuri zaidi miaka yote hii, hayapo.

Sasa mliosoma shule za msingi Kenya mtanielewa upesi. Kule kwetu tulikuwa na kibao, kila shule na jina lake. Sisi tulikiita monita. Kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukinaswa ukiongea lugha ya kwenu unavishwa shingoni, nawe unatega masikio mpaka umnase mwingine umvishe. Jioni mwalimu anauliza kiko kwa nani, na huyo ndiye anayelala chini achapwe. Nilikivaa mara nyingi. Siku moja nilivishwa kwa kumfukuza ng'ombe wa mwalimu mkuu kwa Kibukusu, na sijui walitaka nimfukuze kwa lugha gani, ng'ombe mwenyewe hakuwa amesoma. Lakini nisikilizeni vizuri: sikukichukia. Nilikiamini. Niliona ndicho kilichonipa Kiingereza changu, basi kitampa na Yifei.

Nikachukua kifuniko cha plastiki cha mkebe wa mafuta ya mama ya kujipaka, nikakitoboa kwa mkasi, nikapitisha kamba ya kiatu.

“Ni sheria,” nilimwambia Yifei. “Ya shule za Kiingereza.”

Aliuliza kama ni kwa wanafunzi wote. Nikasema wageni wote. Akaninyooshea kidole taratibu: hata wewe? Nikasema hata mimi, na kwa kuwa hilo halikuwa uongo mtupu, nililala usingizi wangu wote.

Kifuniko alikaa nacho yeye mwenyewe mfukoni. Akitoa neno la Kichina, anavaa. Nikikuta alama za Kichina juu ya neno, anavaa. Saa ya chakula ikiisha kikiwa bado shingoni, kuna adhabu. Viboko havikuwezekana, Birmingham ukimchapa mtoto wa mwenzio utatembelewa na watu wenye mafaili. Kwa hiyo nilimwamuru anakili ukurasa mara kumi. Kesho yake alileta mara kumi na tano, mwandiko umenyooka, akanipa kwa mikono miwili. Nilizipokea karatasi zile kama mwalimu mkuu mzima.

Kisha nikachukua raba nikamfutia alama zake, moja baada ya nyingine, nikapuliza vumbi. Yeye aliitazama raba tu. Wiki ya tatu kurasa zake zilikuwa nyeupe, nami nikazipeleka kwa Bi Hollis nikijisifu. Kweli, Yifei alikuwa anasoma kwa kusitasita kuliko mwanzo, na kule dirishani hakusimama tena, aliogopa ulimi usimponyoke. Nilisema ni uvivu. Nyumbani nako mama alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kanisani: “Nekesa wangu anafunza Mchina Kizungu!” Akina mama walinishika mashavu. Mambo ya kifuniko sikumwambia, na kama nilikuwa naona nafanya mema, mbona nilimficha? Swali hilo mniulize.

Siku ikafika. Ukumbi ulipangwa viti, chai na biskuti mezani, wazazi wamejaa. Mama alikuja moja kwa moja kutoka shifti, bado amevaa sare yake ya kazi, akaketi nyuma. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Mama yake Yifei alikaa mbele kabisa, ameinua simu arekodi, kwa sababu ukurasa wenyewe ulimhusu bibi aliyemlea Yifei, na bibi huko China alikuwa anasubiri kutumiwa rekodi hiyo.

Yifei alisoma sentensi mbili vizuri sana. Ya tatu ilisema jinsi bibi yake alivyozoea kumwosha nywele kwenye kibaraza cha ghorofani, kwa maji yaliyoachwa juani yapate uvuguvugu. Alipofika kwenye neno la kibaraza akakwama. Niliona jicho lake likipanda juu ya neno, pale palipokuwa na alama zake. Hapakuwa na kitu. Nilipasafisha mwenyewe. Midomo ikacheza, likamtoka neno moja la Kichina, dogo, na ukumbi ulivyokuwa kimya kila mtu alilisikia.

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kifuniko, akakivaa, akaweka sawa ukosi juu ya kamba kama mtu anayefunga tai, akasimama wima akingoja.

Mtoto mmoja alicheka. Bi Hollis alisogea, akamuuliza kwa upole, “Yifei, hiki ni nini?”

“Ni sheria.”

“Sheria ya nani?”

Yifei alinitafuta kwa macho, safu moja, ya pili, ya tatu, akanipata. Nami niliinama nikajifanya nafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nikiwa huko chini, uso karibu na sakafu, nikamsikia.

“Yangu,” alisema. “Ni yangu.”

Nilipoinuka, mama yake alikuwa ameishusha simu. Nikageuka kumtafuta wangu. Mama alikuwa amekodoa macho, mkono wake umeshika shingo yake mwenyewe.

Tulirudi nyumbani Washwood Heath kwa basi. Tulikuwa karibu kushuka ndipo mama akafungua kinywa, na alinisemesha Kibukusu, lugha aliyoipiga marufuku miaka miwili. Kesho utamweleza mwalimu wako, alisema. Kila kitu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nitamweleza.

Na kweli nilienda. Nilisimama mlangoni pa Bi Hollis nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Akatoka, akanikumbatia. Alisema lazima ilinihuzunisha kumwona rafiki yangu vile, tena baada ya uvumilivu wote nilioonyesha. Akafungua droo akanibandika beji kifuani.

Nilisema asante. Jioni nikamwambia mama nimeshaeleza.

Yifei hakutolewa darasa dogo mwaka ule. Mama yake aliitwa shuleni akaulizwa maswali, kama mtoto analazimishwa sana nyumbani, kama anaadhibiwa. Nilimwona akitoka, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, na nilipita kando yake nikiwa na beji. Kila wiki mwanamke mmoja alikuja kuongea na Yifei faraghani na kuandika. Mwisho wa mwaka wakahamia mji mwingine. Katika muda wote huo Yifei hakuacha kunisalimia. Ningependa angeacha.

Utotoni niliamini alisema “yangu” kwa kukosa Kiingereza, kwamba alitafuta jina langu na maelezo yake, akayakosa, akachukua neno lililokuwa karibu. Niliishi na imani hiyo vizuri tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikakubali nilichokijua tangu nikiwa kule chini kwenye viatu: neno hilo hakukwama nalo hata kidogo. Alikuwa ameshaelewa, pale pale, kwamba sheria haipo, kwamba nimemdanganya karibu wiki sita, na kwamba akinitaja nimekwisha. Alikuwa na kila neno alilolihitaji.

Na kuna la mama. Nilidhani alinyamaza ukumbini kwa hasira juu yangu. Mwaka jana tukichambua mboga nyumbani kwake nikamtobolea kwamba sikumweleza mwalimu, kamwe, na nikamuuliza mbona siku ile na yeye hakusimama.

“Ningewaambia nini wale watu?” alisema. “Kwamba kwetu mtoto huvishwa kibao kwa lugha ya mama yake? Nilikivaa mimi, Nekesa. Nyumbani nikakuvisha wewe, bila kamba. Niliona haya.” Kisha akasema, “Tulimwacha yule mtoto.”

Alisema tulimwacha. Hakunibebesha peke yangu, na ningeweza kukubali kugawana naye. Lakini mama hakuwa na raba mkononi.

Mahali fulani kuna faili lenye jina la Yifei, na ndani yake mtu mwema ameandika kwamba msichana huyu alijitungia adhabu mwenyewe, na kwamba huenda mama yake anamsukuma mno. Siwezi kulifuta. Hakuna aliyeniuliza, na hakuna atakayeniuliza tena. Bi Hollis aliuliza sheria ni ya nani. Ilikuwa yangu.