Kura ya Sita

Maalim Sinan alikuwa na adabu nyingi kupita kiasi, na adabu ikizidi ni maradhi kama maradhi mengine. Ukimkaribisha chakula atakwambia ameshiba, na kumbe tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Atangoja umshike mkono, umwambie mara ya pili na ya tatu, ndipo akunje mikono ya kanzu anawe. Alilelewa hivyo Wete, kisiwani Pemba, na miaka hamsini ya Nizwa haikumponya.

Alisomesha mazoezi ya viungo katika skuli za Nizwa na Bahla mpaka akastaafu. Watoto aliwafundisha mpira wa miguu, lakini roho yake ilikuwa kwenye besiboli, mchezo alioupenda alipopelekwa kusoma Marekani ujanani. Huku nani angecheza naye? Basi yeye na wenzake saba, wote waliosoma nje kama yeye, walianzisha ligi ya kompyuta. Wachezaji hawakuwa watu. Kompyuta iliwazaa, ikawapa nguvu na kasoro zao, ikawachezesha, ikawazeesha na kuwastaafisha, na miezi mitatu ya kwetu ilikuwa mwaka mzima wa kwao. Kazi ya mwenye timu ilikuwa kupanga nani acheze wapi, na kuwapa majina wachezaji wapya.

Mwaka 2009 kompyuta ilimletea kijana wa miaka kumi na minane mwenye mkono mzito wa gongo la kupigia mpira. Sinan akampa jina la Ngwali, jina la kaka yake.

Ngwali mwenyewe, yule wa nyama na damu, alikuwa kaka yake kwa baba. Familia ilipohamia Oman mwaka 1973 yeye alibaki Wete, na kwa kina Sinan hakuna aliyewahi kuuliza kwa sauti kwa nini alibaki. Alitengeneza baiskeli za watu mpaka magoti yakamchoka. Sinan alipompigia simu kumweleza kwamba kuna Ngwali mwingine anayecheza ndani ya kompyuta, mzee alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akiuliza, "Haya, leo mimi nimefanyaje?"

"Leo umepiga mipira miwili ikavuka uzio, kaka."

"Hilo ni zuri?"

"Zuri sana."

"Alhamdulillahi. Na magoti yangu?"

"Magoti yako mazima, kaka. Unakimbia kama swala."

Ngwali wa kompyuta alicheza misimu ishirini, na hapakuwa na timu isiyomwogopa. Sinan alimpenda kipumbavu, na alijua kwamba ni kipumbavu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpa kaka yake kitu kikubwa zaidi ya fedha za Iddi na katoni za tende. Hiki angalau kilikuwa kitu.

Ligi ilikuwa na Ukumbi wa Heshima, ukurasa wa wachezaji waliostaafu wakiwa bora kuliko wote. Kila mwaka wa kwetu wenye timu wanane walipiga kura, kila mmoja akichagua majina matatu, na aliyepata kura sita aliingia. Jina lilisimama kwenye orodha mara kumi tu. Lisipoingia hata mara ya kumi linafutwa, na kompyuta haimjui tena mtu huyo. Ngwali alikuwa ameshindwa mara tisa. Wengine walisema hakuwahi kutwaa ubingwa. Thuwaini, mwenye kampuni ya malori kule Sur na mdomo mtamu kuliko wote, aliwahi kusema, "Ukumbi umejaa majina ya Kiarabu, kina Seif na kina Said. Huyu Ngwali wako akiingia atakaa na nani?" Watu walicheka. Sinan naye alicheka, Mungu amsamehe.

Mwaka uliopita alipata kura tano, ya Sinan ikiwemo. Ilibaki mara moja.

"Mwaka huu nikikosa ndiyo basi?" aliuliza mzee kwenye simu.

"Ndiyo basi, kaka."

"Usiniangushe, bwana," alisema, nusu kwa mzaha.

Walikutana Ibra, shambani kwa Marhoun, aliyekuwa mtunza kura. Kahawa ilizunguka, halua ikaliwa. Kila mtu alikuwa amtumie Marhoun majina yake matatu kwa simu kabla ya adhuhuri. Hapo Thuwaini akaweka kikombe chini.

"Jamaa," alisema, "tuna mchezo mbaya. Kila mwaka mtu anampigia kura wa kwake. Wallahi ni aibu. Mwaka huu kila mmoja amwache wake, tuwape wenzetu. Na wewe Maalim, mambo ya Ngwali usiyatie moyoni. Mwaka huu Ngwali ni wetu sote."

Wote wakaitikia, inshallah, inshallah. Sinan alisikia uso unamwaka. Alihisi yale maneno yamesemwa kwa ajili yake, yeye aliyempigia kura ndugu yake mara tisa mbele ya watu wazima. Alitoka akasimama kando ya falaji, mfereji wa maji ya shamba, simu mkononi, na kidole kikakaa juu ya jina la Ngwali muda mrefu. Kisha akachagua majina mengine matatu, la kwanza likiwa la mchezaji wa Thuwaini, akatuma. Alirudi kukaa akiwa mwepesi wa roho, ameridhika na ustaarabu wake.

Baada ya sala Marhoun aliziweka kura zote wazi, kila mtu na majina yake. Mchezaji wa Thuwaini alipata kura sita, akaingia. Ngwali alipata tano.

Sinan alisoma orodha ile kwenye simu mara tatu. Watu saba kati ya wanane walikuwa wamewapigia kura wachezaji wao wenyewe. Thuwaini alimpa wa kwake na wengine wawili, na Ngwali hakuwemo. Adham, daktari wa meno ambaye kwa miaka tisa hakumpa Ngwali hata mara moja, safari hii alimpa.

"Lakini wewe Maalim hukumpa wako?" aliuliza Thuwaini, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, hilo ndilo lililouma zaidi. "Ya akhi, mimi nilihesabu yako imo, na Adham aliniambia atampa, nikajua sita zinatimia bila yangu. Yale yalikuwa maneno ya kahawa tu. Nani asiyempigia wake?"

Adham alikunja uso. "Mfungulieni apige tena. Haya si mambo ya kufa mtu."

Marhoun akamtazama Sinan. "Mwenyewe akitaka, nafungua sasa hivi."

Lilikuwa neno moja tu. Sinan alijiona akilisema. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea yake ya miaka sitini na sita.

"La, la, khalas," alisema. "Kanuni ni kanuni. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Akangoja. Alingoja mmoja wao amshike mkono, aseme hapana, haiwezekani, lazima upige. Marhoun aliinamisha kichwa kwa heshima, akabonyeza simu yake, na jina la Ngwali likaondoka kwenye orodha. Kisha sinia la wali na nyama ya mbuzi likaletwa, na watu wakasogea.

Akirudi Nizwa alifika Sinaw baada ya alasiri, akasimama kwenye kituo cha petroli asichohitaji, ndipo akapiga simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Haya, nimeingia?"

"Hukuingia."

"Kura ngapi?"

"Tano."

"Na zilitakiwa?"

"Sita."

"Na yako imo katika hizo tano?"

Angeweza kusema imo. Pemba nani angekwenda kukagua? Gari liliingia nyuma yake likapiga honi, naye hakusogea.

"Haimo, kaka," alisema Sinan. "Niliona haya. Nilidhani wenzangu watakupa."

"Baba naye," alisema Ngwali, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wote wawili wanalolijua, "alipokwenda kuandikisha watoto wa kusafiri nao, alidhani ami yetu ataniandika mimi."

Kisha akauliza hali ya watoto, akamtakia safari njema, akakata simu.