Sponji ya viti vya treni imejaa ukumbini kwangu, na naiogopa

Assalaam alaykum admin, na salamu kwa nyote mnaosoma. Jina langu lifiche tafadhali, na mtaa pia, wajue tu niko huku Changamwe karibu na reli. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, nala kwa cherehani. Shule niliishia darasa la saba, mnisamehe nikikosea kuandika. Mkono wangu wa kulia una bandeji na moyo haujatulia.

Nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu wa kiume. Mama alipofariki nikamlea mimi. Ukubwani akawa mtu wa kutafuta tenda za serikali, leo mapazia, kesho madawati. Juzi juzi akaomba ya kutengeneza upya viti vya treni ya abiria, akaja kwangu, "Dada, niombee hii." Nikawaita wanawake wenzangu tukamsomea Yasini, na mahamri nikapika. Akapata. Alisema bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko za wote, mimi nikamshukuru Mungu nikijua ni dua ile. Kazi ya kushona akaniletea mimi na majirani wawili.

Kiti cha sampuli kilichopelekwa kukaguliwa nilikishona mwenyewe. Sponji yake ilikuwa nzito, imebana, ukiibonyeza inarudi polepole. Mzigo wa sponji ya kazi yenyewe ulipokuja ulikuwa mwepesi kama pamba. Nikamuuliza, akacheka. "Dada, sampuli ni sampuli, mzigo ni mzigo." Nikashona hivyo hivyo. Vipande vilivyobaki tukavitia kwenye mito midogo ya kukalia, tukagawia mtaa mzima.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nafukiza udi nyumbani kama kawaida yangu. Kaa moja likaruka kutoka kwenye chetezo likaangukia mto uliokuwa mkekani. Nimefukiza udi tangu usichana wangu, na makaa yameruka mara nyingi, hutoboa kitambaa, ukaligonga likazimika. Mto huu uliwaka mzima kabla sijamaliza kusema bismillahi. Ukawa unadondoka matone ya moto, na moshi mweusi ukanikaba koo nikashindwa hata kumwita mtu. Nikaukokota hadi uani kwa mkono. Pale mkekani mjukuu wangu alikuwa amelala, ndiyo kwanza ameamka na kutoka. Nikiwa uani nakohoa, nikasikia treni ya jioni ikipita nyuma ya nyumba inapiga honi. Binti yangu alikuwa ndani ya treni hiyo, anatoka kazini, amekalia mshono wangu.

Nilimpigia simu mdogo wangu, akaja. Akautazama mkono akasema, "Pole, dada. Lakini nani anafukiza udi ndani ya treni?"

"Mtu akiwasha sigara je?"

"Sigara ni marufuku."

"Na waya ukipiga shoti, nao umepigwa marufuku?"

Hapo akakaa chini. "Dada, hujui mambo haya. Wanachukua wa bei ya chini. Ningeandika bei ya sponji ile nzito, isiyoshika moto upesi, angepata mwingine, na yeye angetia hii hii. Ukifungua mdomo mimi naenda ndani. Na usisahau, ni wewe uliyenisomea Yasini."

Wallahi neno hilo limenikaa. Nikisimama kuswali naliona lile kaa linaruka. Udi sifukizi tena, na jiko nimelitoa nje. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuikusanya ile mito, nawaambia ina kunguni. Jirani mmoja akanitania, "Hao kunguni umewatia mwenyewe, unataka tununue mingine." Nikacheka naye huku nautia mto wake kwenye gunia. Binti yangu nimemwambia apande tuktuk, akaniuliza, "Mama, treni imekukosea nini?" Nikamtia nauli ya tuktuk mkononi.

Mito yote nimeipata. Lakini viti vilivyokwisha kufungwa kwenye mabehewa sina mlango wa kubisha hodi nikavidai, na watu wanavikalia kila asubuhi na watoto wao mapajani.

Vilivyobaki viko hapa ukumbini, vimepangwa hadi dirishani, na mimi nalala chumba cha pili yake. Kesho baada ya alfajiri mdogo wangu anakuja na pikapu kuvichukua. Nikienda kusema kwa wenye treni, nitakuwa nimemfunga mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, na mama yangu nitamwambia nini siku ya kukutana. Nikinyamaza, kila honi nitakayoisikia nitatoka uani kunusa kama ule moshi umekuja.

Ndugu zangu, nimekwama. Kama ni nyinyi mngefanyaje? Nijibuni leo, hata kwa neno moja. Kesho akigonga, nimfungulie?