Mkono Uliokosea kwa Adabu

Marehemu alikuwa fundi wa kushona, na kwa miaka kumi na tisa cherehani yake ilikuwa na kasoro moja: ilivuta kitambaa kushoto. Hakulalamika. Vidole vyake vilikisukuma kulia bila yeye mwenyewe kujua, na mishono ikatoka imenyooka kama rula.

Wiki moja kabla ya harusi ya kitinda mimba wake alikaa kushona gauni. Aliahidi mbele ya Mungu kwamba hakuna mwanawe atakayeolewa na gauni la kukodi, na wawili wa kwanza aliwashonea. Akajaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Mshono ukaacha mstari wa chaki. Akarudia, ukaacha tena. Akauweka mkono mapajani, akautazama. Dada yake alianza hivyo hivyo: mkono kwanza, kisha ulimi, kisha wakamzika.

"Kitambaa kipeleke kwa fundi mwingine," alimwambia kitinda mimba. "Mimi nimechoka." Akaingia chumbani, akapiga magoti.

Asubuhi mpangaji wa chumba cha uani alimkuta amejiinamia. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, wakimwita Profesa kwa utani. Kazi yake ilikuwa kutunga hesabu za kompyuta zinazoiga jinsi ubongo unavyoufundisha mkono kazi. Pale nyumbani walimcheka kwamba amesoma miaka yote ile ili ajue watu wanavyoshika kijiko. Alipoambiwa habari ya mkono, hakucheka.

"Mama, hebu nishonee mistari ishirini kwenye vitambaa vibovu."

"Ili ukanicheke na kompyuta yako?"

"Kompyuta haina meno, mama. Shona."

Akashona. Profesa akapima kwa rula nafasi kati ya chaki na uzi, akaingiza namba, akakuna kichwa.

"Mkono mgonjwa hukosea ovyo, mara huku, mara kule. Wako unakosea kwa adabu: upande ule ule, na kila mara kidogo kuliko mwanzo. Kila mstari, ubongo unapunguza sehemu ya kosa. Hapa unashindana na kitu ambacho hakipo tena. Nani kaigusa cherehani?"

Mtoto wa marehemu dada yake, fundi wa mashine, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi, mama mdogo. Niliitengeneza juzi ulipokwenda sokoni, isivute tena kushoto. Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza kweli! Mwenzio nilishaanza kuaga!"

Kompyuta ilisema mstari wa arobaini ndio utakaonyooka. Ukanyooka wa thelathini na nane. Profesa akanuna kidogo. Mama akamwambia hesabu zake zinahitaji maombi. Gauni likashonwa, na Jumamosi kitinda mimba akalivaa.

Profesa alikuwa amemwonya mama kwamba ubongo hauachi mazoea ya zamani upesi, na kwamba kila asubuhi mstari wa kwanza ungepinda kidogo. Basi akawa anashona vipande vitatu kabla ya kugusa kazi ya mtu.

Miezi mitano baadaye Mungu alimchukua, kwa homa ya siku mbili. Mkono ulikuwa mzima mpaka mwisho. Katika kopo la vifungo walikuta vile vipande, vitatu vitatu, kila fungu limefungwa uzi. Juu kabisa kilikuwepo kimoja peke yake, cha asubuhi homa ilipompata, hakijafungwa, mshono wake umepinda kidogo, upande ule ule.