Lango Letu la Ilembo

Jana mtoto wa dada yangu alikuwa anaangalia filamu kwenye simu. Jamaa kazungusha mkono hewani, duara likafunguka, akapita, huyo katokea nchi nyingine. Nikamuuliza, "Huko alikotokea, lango la kumpokea liko wapi?" Akanijibu, "Ma'mdogo, si limefunguka tu?" Limefunguka tu! Nilikasirika, rafiki yangu, mpaka chai ikapoa.

Sisi tulifundishwa. Kashaulili, pale Mpanda mjini, nyuma ya soko, kulikuwa na kibanda cha video: mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma, harufu ya mihogo ya kukaanga. Filamu zilikuwa za Kizungu, basi mtafsiri alikaa mbele na maiki akitueleza kila kitu, na mengine, sasa najua, alijitungia. Lakini alieleza! "Nyie watoto, lango moja ni takataka," alisema. "Lazima yawe mawili, pacha, moja huku, moja kule. Unaingia hili, unatokea lile." Nilimwamini kuliko mwalimu wa sayansi.

Bibi mzaa mama alilima mpunga Majimoto. Likizo nilikuwa kwake, naamia ndege shambani, napiga makelele kutwa mpaka sauti inakauka, jioni wali mpya unanukia hadi njiani. Masika ikianza, barabara ilikatika, na kwenda kwa bibi ndiyo basi tena. Iliniudhi mno. Nikaokota ringi mbili za baiskeli zinazolingana. Moja nikaisimamisha kwetu Ilembo, hapohapo Mpanda, ukingo mmoja ukiegemea ukuta. Ya pili, kabla mvua hazijaanza, nikampa mfanyabiashara wa mchele ampelekee bibi, na maagizo: isimame ukutani, isiguswe.

Masika ilipofika ikaja habari kwamba bibi kazidiwa, anatuita. Gari hakuna. Mama alizunguka stendi, akarudi amelowa, akakaa jikoni analia. Mimi nikaenda kwenye ringi. Nikapita. Nikatokea palepale, kwenye tope, goti limechubuka. Nikapita tena na tena, naita "Bibi!", mpaka mama akatoka. "We mtoto, una wazimu?" Nikamweleza lote, la mtafsiri na la ringi ya kule. Nilingoja kofi. Mama akaitazama ringi, akatazama barabarani kama kuna mtu anayemwona, kisha akapiga magoti kwenye tope na kuingiza kichwa. Mabega yakakwama. Akabaki hivyo kidogo, mvua inamnyeshea mgongoni.

Bibi alizikwa bila sisi. Njia ilipokauka tukafika, nikaikuta ringi yangu imelazwa chini, imezungushiwa wavu kama tenga, vifaranga wanalia ndani. Lo! Nililia kwa hasira, si kwa msiba. Nani kailaza? Mjomba akashangaa. "Bibi yako mwenyewe. Aliipenda kweli, kila mgeni alionyeshwa."

Kibanda kimeshavunjwa, pale wanauza makava ya simu. Mtafsiri sijui alikoishia. Filamu za sasa zina milango kibao na hakuna anayejali inavyofanya kazi, na mimi nikiuliza naonekana mkorofi. Barabara nayo, eti sasa ndiyo inapitika! Mwezi uliopita niliondoka Mpanda asubuhi, mchana niko Majimoto, kirahisi mpaka nikachukia. Nyumba ya bibi haipo, pamelimwa mahindi. Dereva wa bodaboda iliyonibeba akapunguza mwendo, akageuza shingo.

"Dada, nikushushe kwa nani?"

Nikamwonyesha yale mahindi kwa kidole.