Jiwe Chini ya Kishingo

Febronia wa Ushirombo hakuumbiwa kukaa kitako. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Shambani alimaliza mstari wake akaingilia wa jirani, na nyumbani uji uliungua kwa sababu mpishi alikuwa nje akichungulia barabara. Lakini mwaka ule wa foleni za sabuni alizidisha, na sababu yake ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chini ya kitanda.

Lilikuwa jiwe. Mumewe Tarsisi, mchimbaji wa dhahabu huko Nyarugusu, alimletea wakati wa Kwaresima: jeupe, la mviringo, la kujaa kiganjani, na upande mmoja lina madoa ya kumetameta.

“Mama Kamili, hii ndiyo nyumba yetu ya bati,” alimnong'oneza. “Litunze. Nikipata mtu wa kulisaga kwa siri, basi, sirudi tena shimoni.”

Kesho yake akaondoka. Bati Febronia hakulijali sana. Alichokishika ni yale maneno ya mwisho, kwa kuwa kaka yake mwenyewe alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji, huko huko Nyarugusu, na tangu siku hiyo kila mguu uliosikika uani ulimkata maini. Siku zile dhahabu haikuwa kitu cha kukutwa nacho nyumbani. Mgambo akipita tu njiani, jiwe lilihama: kutoka kitandani hadi gunia la mahindi, kutoka guniani hadi chunguni, halafu kitandani tena.

Kuku nao wakaona wasipitwe. Febronia alitaka Tarsisi akirudi akute uani kumejaa vifaranga, aone kwamba hapa nyumbani nako kuna kitu kinachokua. Sasa kila kuku alipotetea, alikimbia akakuta maganda na kiini kimetapakaa kwenye majani. Mla mayai alikuwa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye ndiye aliyetaga kuliko wote. Mdomo wake ulikuwa na ute hadi machoni, na hakuona haya hata kidogo.

Akamwendea shangazi wa mumewe, bibi Philomena.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umewafundisha mwenyewe,” alisema bibi huyo kabla hajaulizwa mengi. “Unawatupia maganda mabichi, wamejua ladha. Yachome, uyaponde. Halafu wana kiu! Kigae chako cha maji kinakauka asubuhi tu. Kuku mwenye kiu atakunywa yai.”

“Chombo kikubwa nikitoe wapi, shangazi? Dukani hakuna hata sufuria.”

“Basi mtilie pilipili ndani ya yai.”

Febronia alitoboa yai, akalijaza pilipili kichaa, akakaa pembeni kungojea kilio. Kishingo alilimaliza, akapangusa mdomo kwenye majani, akatazama kama kuna jingine. Aliyelia ni Febronia, aliyejifikicha macho kwa vidole vile vile.

“Yaya! La, huyo hapana,” alicheka Philomena aliposikia. “Mwekee jiwe jeupe kiotani. Adonoe mpaka mdomo umuume.”

Hapo ndipo Febronia alipopata akili aliyoiona kubwa kuliko zote za maisha yake. Nani angepekua jiwe chini ya kuku? Akalifungua kitambaani, akaliweka kiotani, akaning'iniza gunia mlangoni mwa kiota kuwe giza. Kishingo alidonoa siku ya kwanza, akadonoa siku ya pili, kisha akachoka. Mayai yakaanza kubaki mazima. Hatimaye kuku akayakalia, jiwe likiwa katikati yao, na Febronia akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Kwaresima.

Asubuhi moja alinyanyua bawa kuhesabu mayai, akaligeuza jiwe. Lilikuwa jeupe pande zote. Madoa yote yalikuwa yamedonolewa.

Siku zilizofuata alizunguka nyuma ya kuku huyo na bakuli, akiosha kinyesi na kukodolea macho mchanga uliobaki, asione cha kung'aa. Nyumba yao ilikuwa imeliwa, na pamoja nayo ile ahadi ya Tarsisi.

Tarsisi alifika wakati wa kung'oa karanga, karai lake la kuoshea mchanga likiwa begani. Aliliegemeza mlangoni, kama alivyozoea anapokuja kwa siku chache. Febronia hakumngoja aulize.

“Baba Kamili, kuku amekula dhahabu.”

Akamweleza yote, mbio mbio, huku akienda kuchukua kisu. Akamtoa kishingo kiotani kwa mabawa. Chini, ndani ya mayai, vifaranga walikuwa wameanza kulia.

“Mchinje. Tutaosha firigisi kwenye karai lako. Labda bado imo.”

Tarsisi alishika kisu. Alimtazama kuku, akayatazama mayai, na mkono wake haukuinuka.

“Mrudishe,” alisema.

“Na nyumba je?”

“Mrudishe, mayai yatapoa. Haikuwa dhahabu, Febronia.” Hakuwa amemwita kwa jina tangu Kamili azaliwe. “Ni vimulimuli tu vya mawe. Nilijua kabla sijakuletea. Niliona aibu kuja mikono mitupu.”

Febronia alimrudisha kuku polepole, akahakikisha kila yai limefunikwa. Kisha hasira ikampanda mpaka sauti ikakatika.

“Nimeosha mavi ya kuku, Baba Kamili. Mavi ya kuku! Nilikuwa nakungojea wewe. Jiwe la nini kwangu?”

Febronia akalinyakua karai pale mlangoni, akalijaza maji, akalitua uani kivulini. Kuku wakaja mbio, wakanywa, mmoja akaingia na miguu.

Jioni Tarsisi alitoka, akaliinamia karai, akalishika kwa mikono miwili. Febronia alisimama mlangoni, akingoja kuona kama atalitia begani. Mumewe akamwaga yale maji machafu, akalisugua kwa majani, akachota mengine kwenye mtungi. Akalirudisha pale pale.