Kikombe cha Tatu cha Folkert

Jumapili ile Folkert alikuja saa tano asubuhi, kama kila Jumapili. Alivua viatu vyake vya mbao mlangoni, akaketi kwenye kiti chake karibu na jiko. Gesine, mke wangu, alikuwa ameshaweka sukari ya jiwe vikombeni. Alipomimina chai, sukari ikalia, ikapasuka. Folkert aliinamisha sikio kuusikiliza mlio ule. Sikio la kulia. La kushoto liliungua vitani.

"Umenyoa leo, shemeji," Gesine akasema. "Kuna mjane unamwinda?"

"Wajane wa hapa wananijua. Wakiniona wanafunga milango."

"Si kwa kukujua. Unanuka maziwa."

"Afadhali maziwa. Mumeo je? Ananuka matope ya bahari tangu nimfahamu."

"Mimi sijasema kitu," nikasema.

"Wewe lini umesema kitu?" Gesine akajibu, wakacheka wote wawili.

Kwetu mgeni hunywa vikombe vitatu. Asipotaka tena, anatia kijiko kikombeni, na mwenye nyumba haongezi. Folkert alikuwa anakunywa viwili, kijiko ndani, kofia kichwani, huyo. Miaka thelathini na moja. Gesine alikuwa anamtania, "Kikombe cha tatu kimekukosea nini?" na yeye, dereva wa lori la maziwa, anasema maziwa hayangoji. Hata alipostaafu alisema maziwa hayangoji.

Siku ile Gesine alifanya jambo ambalo sijaona mtu akilifanya. Alikitoa kijiko kikombeni mwa Folkert, akakifuta kwa aproni, akamimina cha tatu.

"Leo utakunywa," akasema. "Nina swali."

Swali nalijua. Lakini kwanza niseme Folkert alikuwa nani, kwa sababu amekufa mwezi wa tatu mwaka huu, na wazee wenzake wa vita wameandika gazetini kwamba aliangusha ndege kumi na nne. Mimi ndiye niliyekuwa nachora mistari kwenye mkia wa ndege yake. Mstari mmoja mweupe kwa kila ndege. Kalamu si kazi yangu, nilisoma miaka sita tu. Kuhesabu najua.

Baba yake alikuwa kibarua wa tuta la kuzuia bahari, kama baba yangu. Tulikulia njia moja. Folkert alipokuwa na miaka kumi na tano walikuja mabwana wenye sare, wakawapa vijana ndege isiyo na injini, wakaisukuma kutoka juu ya tuta. Folkert akaruka mita mia mbili, akaangukia kwenye kondoo. Aliporudi nyumbani hakula. Mama yake alidhani ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa, alikuwa ameshachukuliwa.

Vita vilipoanza alikuwa rubani tayari. Alipigana Ufaransa, kisha Urusi, kisha wakamrudisha hapa kwetu kuzuia Wamarekani waliokuja kutupa mabomu. Mimi nilikuwa kiwanjani hapo, fundi wa silaha. Nilifurahi kumwona. Nilichora mistari yake vizuri, kwa rula. Hatukufikiri kwamba ndani ya kila mstari kuna watu. Wala hatukuuliza yule Myahudi mfanyabiashara wa ng'ombe wa njia yetu na watoto wake wamepelekwa wapi. Kabati lao liliuzwa mnadani, mama yake Folkert akalinunua. Kunyamaza tulishajifunza mapema.

Mwaka wa arobaini na tatu, majira ya vuli, aliletwa Eilert kuwa mwenzake wa ubavuni, yaani rubani wa ndege ya pili anayemlinda mkubwa wake nyuma. Miaka kumi na tisa. Alikuwa mdogo wake Gesine. Nilikuwa nikimpelekea Gesine barua zake, na ndivyo nilivyoanza kumjua Gesine.

"Mtunze mtoto huyo," nilimwambia Folkert.

"Nimtunze mimi? Yeye ndiye ananitunza," akasema. "Anaimba kwenye redio. Vibaya. Nikimsikia najua mkia wangu uko salama."

Siku moja ya mwezi wa kwanza mawingu yalikuwa chini. Waliondoka wawili, akarudi Folkert peke yake.

Mkuu wa kikosi alimngoja pale pale kwenye bawa. Folkert akasema, "Tulipotezana mawinguni. Redio ilikatika. Adui sikumwona, sikufyatua hata risasi moja."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya bawa. Midomo ya mizinga ya mabawani tulikuwa tunaiziba kwa kitambaa cha gundi, vumbi lisiingie. Rubani akifyatua, kitambaa kinapasuka. Vitambaa vyote vilikuwa vimepasuka, na midomo ilikuwa myeusi.

Folkert aliniangalia. Nikamwangalia. Mkuu alipogeuka kwenda kwenye simu, nilichukua gundi nikabandika vitambaa vipya. Nikajaza risasi zilizopungua. Kitabuni nikaandika: haikufyatua.

Jioni alinijia nyuma ya ghala la mafuta. Kisha akasema maneno machache. Wamarekani walikuwa na ndege ya pua nene, fupi, ikikujia uso kwa uso inafanana na yetu. Ilitokea moja winguni. Redio kimya, wimbo hakuna. Akafyatua. Ilipopinduka akaona alama za kwetu tumboni. Ilianguka baharini maji yakiwa yamejaa. Eilert hakupatikana.

Mama yao aliandikiwa: hakurudi. Basi.

Folkert aliendelea kuruka. Baada ya siku ile hakuangusha tena hata ndege moja. Watu walisema bahati imemwacha. Mwisho aliungua sikio na mkono, Waingereza wakamkamata, wakamwachia mwaka uliofuata. Alipata kazi ya kuendesha lori la maziwa, madebe kutoka shamba hadi shamba. Ndege hakupanda tena. Zikipita juu hakuinua kichwa. Hakuoa.

Mwaka wa arobaini na saba, siku moja kabla ya harusi yangu, alinikuta kwenye tuta nikichimba.

"Hinnerk, nitamwambia Gesine. Kesho kutwa si haki, kesho si haki. Leo."

Nikamwambia, "Umwambie nini? Na vitambaa alivibandika nani? Ukijitaja wewe, umenitaja mimi."

"Ana haki ya kujua."

"Na mimi nina haki ya kuoa. Nyamaza, Folkert. Kama ni rafiki yangu, nyamaza."

Akanyamaza. Nami nikaoa. Gesine mwenyewe ndiye aliyemkaribisha chai ya Jumapili, kwa sababu Folkert alikuwa mtu wa mwisho kuwa na Eilert. Sikuweza kukataa. Ningesema nini? Kwa hiyo akaja, kila Jumapili, vikombe viwili.

Sasa narudi kwenye kile cha tatu.

Gesine aliketi mbele yake. "Nimekuwa nikiota," akasema. "Folkert, siku ile Eilert alikuwa anaimba? Nataka hilo tu. Alijua anakufa, au alikuwa anaimba?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Folkert aliweka mikono yake yote miwili mezani, mzima na ulioungua. Akafungua mdomo. Kisha akaniangalia, kama alivyoniangalia pale kwenye bawa.

Nikatikisa kichwa kumkataza. Kidogo tu. Gesine alikuwa amenipa mgongo, hakuona.

"Alikuwa anaimba," Folkert akasema.

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

Gesine akacheka, akajifuta macho kwa aproni ile ile. Folkert akainywa chai yake mpaka kwenye sukari, akaaga, akavaa viatu vyake. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mimi nilifikiri: imepita.

Alhamisi Gesine alikwenda bustanini kukata kabichi, maana baridi ya kwanza ilikuwa imeshapiga. Hakurudi jikoni. Nilimkuta kati ya mistari, kisu mkononi. Moyo, daktari alisema. Miaka thelathini na moja nililala ubavuni mwake, na swali alilouliza maisha yake yote nilikuwa na jibu lake. Niliogopa ataniacha. Basi ameniacha, na jibu limebaki nami.

Jumapili baada ya mazishi sikumtarajia Folkert. Saa tano alikuwa mlangoni. Nilimimina mimi, vibaya, nikamwaga. Kiti cha Gesine kilikuwa pale. Tulikunywa cha kwanza, cha pili. Kijiko chake kilikaa kwenye kisahani, hakukigusa. Nikamimina cha tatu.

"Ungemwambia tu," nikasema. "Ungenikasirikia, ukamwambia. Mimi ni nani hata unisikilize?"

Alikinywa mpaka kwenye sukari. Kisha akasema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Sikukukasirikia. Uliponitikisia kichwa, Hinnerk, nilifurahi."