Kiwanja cha zawadi hakikufaa, na mimi ndiye niliyepaswa kusema

Wakuu, habari zenu. Leo sina porojo. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kisangani, na mpaka sasa najiona mwenye bahati.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo Makiso, katikati ya mji. Tunapanga miradi: tunapima, tunauliza watu, kisha tunampelekea mteja matokeo ayapitishe. Akikataa, kazi imeishia hapo.

Safari hii mteja alikuwa chama cha akina mama wauza mchele, ng'ambo ya mto, Lubunga. Wanataka ghala, maana mchele wao unaota ukungu kila mvua zikija. Kiwanja walishapewa bure na Papa Rashidi, mzee wa familia ya wafanyabiashara wa zamani. Walimwimbia siku hiyo, wakamshonea na kanzu.

Tulipopima, tukakuta kiwanja kiko bondeni. Maji yanatuama humo. Kinachofaa ni kipande kidogo cha chama chenyewe, kule juu karibu na reli.

Nikatengeneza slaidi kali. Picha ya kiwanja cha mzee, juu yake neno jekundu: HAKIFAI. Nilijisifu kweli, msinicheke.

Siku ya kikao ukumbi umejaa, naunganisha projekta. Mama Zaina, rais wa chama, akachungulia kompyuta yangu.

"Ulishaambia Papa Rashidi?"

Nikamjibu atasikia pamoja na wengine, si ndiyo maana ya kikao?

"Hapana, mwanangu. Mutu alitoa udongo yake, hawezi kusikia mbele ya batu kama iko mubaya. Tuende kwake kwanza."

Akawaambia watu wanywe chai, akanishika mkono. (Chai ya vikao vyetu inaweza kufika mchana na hakuna anayelalamika.)

Tukamkuta mzee ameshavaa ile kanzu, anajiandaa kuja. Nikamweleza taratibu, macho chini. Akarudi kuketi kitini. Nikawaza kazi imekwenda, na akina mama watabaki na ukungu wao.

"Alors, niliwapa shida," akasema.

"Hapana, Papa. Ulitupa moyo," Mama Zaina akamjibu.

Akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Ile neno nitasema miye mwenyewe."

Na kweli, ukumbini akasimama kabla yangu.

"Kiwanja nilileta miye, na leo naiondoa miye. Iko chini, maji inaingia. Depo, ile ghala, mujenge kule juu, vile huyu mutoto alipima. Ile yangu tutalima mpunga."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mpango ukapita, hakuna hata mmoja aliyepinga. Ile slaidi nyekundu niliiruka kimyakimya.

Mafundi wameshaanza msingi. Bosi ananisifu kwa presentation nzuri, nami naitikia tu.

Nawashukuru wale wawili kutoka moyoni. Mama Zaina angeweza kuniacha niharibu. Na mzee aliamua kubeba mwenyewe kitu ambacho mimi ningemtwika mbele ya watu wote, tena akanitetea.

Nilichojifunza: kabla hujawasha projekta, jiulize matokeo yako yatamuuma nani, kisha umfuate nyumbani kwake.

Wenzangu mnaopeleka mipango kwa wateja, habari mbaya huwa mnaanza kumwambia nani? Nasubiri kusoma yenu.